Tivii kwenye kitanda cha lori: masuala tunayoulizwa kila siku karakanani

Mtu wa bara akisikia kwamba Unguja kuna mafundi wanaofunga tivii ndani ya malori, hucheka kwanza. Kisiwa chenyewe kina urefu wa kilomita 85 hivi. Ukitoka mjini baada ya sala ya alfajiri, chai unakunywa Nungwi. Dereva gani huyo anayelala njiani?

Jawabu ni kwamba sisi hatulazwi na safari, tunalazwa na kusubiri. Unasubiri meli ya magari, unasubiri zamu ya kushusha, unamsubiri mwenye ghala aliyekwenda harusini Makunduchi na ufunguo mfukoni. Unataka kuvuka kwenda Mkoani, Pemba, upepo wa kusi umechafua bahari, safari inasogezwa mpaka kesho. Na wako vijana wetu wanaovuka na gari zao, wakapanda mpaka Tunduma na Lusaka, wakarudi baada ya wiki kadhaa. Kitanda cha nyuma ya kiti ndiyo nyumba yao.

Mimi ni fundi umeme wa magari. Haya ni masuala ninayoulizwa mpaka nimeyakariri. Nimeyapa namba ili pahala pengine niseme tu "tazama suala la 5" badala ya kurudia. Suala la 5 lenyewe, tafadhali, lisome hata kama huna haraka na mengine.

## Kabla hujanunua kitu

1. Si bora nitazame kwenye simu tu?

Kama unalala kwenye gari usiku mmoja kwa mwezi, ndiyo, simu inatosha, na pesa yako ibaki mfukoni. Lakini dereva na utingo wakigombania kioo cha kiganja siku ya Simba na Yanga, mtakuja kwangu tu. Hiki ni kisiwa kilichokuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati bara walisubiri mpaka miaka ya 1990 kuwa na kituo chao. Watu wake hawajazoea kubana macho.

2. Inchi ngapi zinatosha?

Kwa kebini nyingi, inchi 19 mpaka 24. Tivii ya inchi 24 ina upana wa sentimita 55 hivi; ya 19 ina kama 44. Ukilala kitandani kichwa upande mmoja na tivii ukaiweka miguuni, macho yako yako mita moja na nusu kutoka kwenye kioo. Kwa umbali huo 24 ni kubwa ya kutosha.

Watu hunijia na ya inchi 32 kwa sababu dukani tofauti ya bei ilikuwa ndogo. Hiyo ina upana wa zaidi ya sentimita 70. Ndani ya Scania yenye paa la juu inaingia, ingawa utaipiga kiwiko kila ukivaa shati. Ndani ya Fuso ya kitanda kimoja inaziba nusu ya nafasi. Chukua kipande cha boksi, kikate kwa kipimo cha tivii unayoitaka, kigandishe kwa tepu pale unapofikiria kuifunga, kisha ulale nacho usiku mmoja. Boksi halina gharama na litakwambia ukweli kuliko muuza duka.

3. Niangalie nini dukani?

Kitu cha kwanza si jina la kampuni. Geuza tivii nyuma, au itazame chaja yake. Kuna tivii ambazo waya wa umeme wa nyumbani unaingia moja kwa moja ndani yake, na kuna ambazo zina chaja ya pembeni kama ya kompyuta. Hizo za pili ndizo zetu. Soma kibandiko cha chaja pale palipoandikwa umeme unaotoka. Ikisema volti 12, umepata. Ikisema volti 19 bado inawezekana, ila konveta yake (kifaa cha kushusha umeme, tazama suala la 6) ni nyengine.

Cha pili, matundu manne mgongoni ya kufungia breketi. Yapimwe kutoka tundu hadi tundu: milimita 75 kwa 75 au 100 kwa 100 ndiyo ya kawaida kwa tivii ndogo. Kuna tivii za bei rahisi zinazokuja na miguu tu, mgongo mtupu. Hizo ziache.

Cha tatu, king'amuzi cha ndani cha T2, yaani mfumo wa dijiti tunaoutumia sisi, kama unataka kunasa vituo kwa antena bila ya kisanduku cha pembeni. Tivii za mitumba zina hadithi yao kwenye suala la 21.

## Umeme: hapa ndipo kazi ilipo

4. Nitajuaje gari yangu ni volti 12 au 24?

Fungua boksi la betri. Betri mbili zilizoungwa moja nyuma ya nyengine, chanya ya hii kwenye hasi ya ile, ni volti 24. Malori yote makubwa yenye kitanda tunayoyaona hapa ni 24. Canter na Isuzu ndogo usikisie: nyingine ni 24, nyingine 12, na umbo la nje ni lilelile. Halafu kuna 12 zenye betri mbili, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Pima kwa mita. Ni kazi ya dakika moja, na kukosea kunaunguza tivii mpya mbele ya macho yako.

5. Gari ni 24, tivii ni 12. Kwa nini nisichukue umeme kwenye betri moja tu?

Kila wiki kuna mtu ananiuliza hili, na mara nyingi alishaambiwa na fundi mwengine kwamba linawezekana. Linawezekana. Tivii itawaka, picha itakuwa safi, na wewe utamlipa fundi na kumshukuru. Ubaya wake unakuja polepole.

Alteneta ya gari haijui kwamba kuna betri mbili. Inazichaji kama kitu kimoja, kwa volti 28 hivi, yaani kama 14 kwa kila moja. Hesabu hiyo inakaa sawa pale ambapo betri zote mbili zinatumika sawasawa. Usiku ukinyonya kwenye moja, hiyo inashuka na mwenziwe bado imeshiba. Asubuhi ukiwasha injini, umeme uleule unapita kwenye zote mbili. Ile iliyoshiba inaendelea kulishwa kwa nguvu, inachemka, maji yake yanakauka. Ile yenye njaa haifikii kujaa hata siku moja. Baada ya miezi michache una betri mbili mbovu, moja imekufa kwa kuvimbiwa na nyengine kwa njaa.

Nayasema haya kwa sababu niliyafanya kwa mkono wangu, kwenye Fuso ya mjomba, siku nilizokuwa bado najifunza. Betri zilikuwa mpya. Hazikumaliza mwaka. Mjomba alimlaumu muuza betri, akaenda akagombana naye, na mimi nilinyamaza. Nilikuja kumwambia baadaye, naye alinitazama kwa muda mrefu kisha akasema niwe nalipa mimi kahawa. Mpaka leo nalipa.

Kwa hivyo: umeme wa tivii uchukue kwenye ncha mbili za nje za betri zote mbili, yaani 24 kamili, kisha uushushe. Tazama suala la 6.

6. Konveta au inveta?

Konveta inashusha 24 ikawa 12. Inveta inachukua 24 ikaipandisha kuwa umeme wa nyumbani, volti 230, kisha chaja ya tivii inaushusha tena mpaka 12. Umepanda ngazi na kushuka kwa ajili ya kufika chumba cha pili, na kila ngazi inakula umeme wa betri na kuugeuza joto. Inveta hula hata ukiwa hukuchomeka kitu chochote.

Ushauri wangu ni konveta, ya ampea 10. Tivii na king'amuzi havifiki nusu ya hapo, lakini vikonveta vidogo vya bei ya kutupa huandikwa namba kubwa kuliko nguvu zao, na kikikaa kwenye joto letu unataka kisiwe kinafanya kazi kwa jasho. Hakikisha kinatoa 12 imara hata injini ikiwaka na gari ikapanda mpaka 28. Kipime kabla hujachomeka tivii.

Inveta ina nafasi yake pale ambapo tivii tayari unayo na haina chaja ya pembeni, au unataka kuchaji kompyuta pia. Nunua inayotoa wimbi safi (pure sine wave). Zile nyengine huwasha tivii, ila chaja hupata moto na sauti huja na mvumo. Na usiiweke chini ya godoro! Mimi inveta nilizijua vizuri wakati ule Unguja ilipokaa kiza miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, na kila nyumba iliyojiweza ikawa inatafuta betri na inveta. Nimeona ya wakati ule, imezikwa chini ya nguo ili isipige kelele, imeyeyuka nusu. Kifaa hicho kinapoa kwa hewa. Kinyime hewa na kitajitafutia njia.

7. Waya gani, fyuzi gani, na nianzie wapi?

Waya wa milimita 2.5, wa nyuzi nyingi laini wa magari, si ule mgumu wa ukutani. Ule wa ukutani ni wa kukaa kimya. Gari inatetemeka, na shaba ngumu ikitetemeka mwisho wake hukatika ndani ya ganda, ukatafuta kosa siku nzima.

Anzia kwenye betri, chanya ya 24. Fyuzi ya ampea 10 iwe karibu kabisa na betri, kiasi cha shibiri moja, si kule mwisho karibu na tivii. Fyuzi hailindi tivii, inalinda waya. Waya ukichunika njiani ukagusa chesisi, na fyuzi iko upande wa mbali, hakuna kitakachouzuia usiwake moto mpaka kwenye kitanda chako. Baada ya konveta weka fyuzi nyengine ya ampea 5. Kisha swichi, pahala mkono unapofika ukiwa umelala, maana tivii iliyozimwa kwa rimoti bado inanyonya kidogo, na konveta nayo inanyonya.

Hasi irudi mpaka kwenye betri kwa waya wake. Kuifunga kwenye bodi ni njia ya mkato, na bodi za gari zetu zina kutu kuliko mnavyotaka kuamini. Kama gari ina swichi kuu ya kukata betri, unga baada ya swichi hiyo, si kabla.

8. Betri itakaa muda gani? Asubuhi gari itawaka?

Tufanye hesabu. Tivii ya LED ya inchi 24 inakula kama wati 30. King'amuzi kama 12. Ongeza kinachopotea kwenye konveta, tuseme jumla 50. Gawa kwa 24, unapata ampea 2 na kidogo. Ukitazama kwa muda wa saa nne umetumia kama ampea-saa 8 na kidogo. Betri zako zikiwa za ampea-saa 150 na mpya, hujagusa kitu.

Kwa hivyo tivii peke yake haiui betri nzima. Inaua betri mgonjwa, ile ambayo tayari inakuomboleza kila asubuhi unapowasha. Na mara nyingi tivii haiko peke yake: kuna feni, taa ya ndani, simu tatu zinachajiwa, na siku hizi friji. Friji ndiyo mlaji, lakini lawama inapewa tivii kwa sababu ndiyo inayoonekana.

Jifunze kusoma volti. Gari ikiwa imekaa saa kadhaa bila kuwashwa, betri mbili zilizojaa husoma 25.4 hivi. Zikisoma 24.4 zimebaki nusu. Zikifika 24 zima kila kitu ulale. Bora zaidi ni kikatio cha kujizima chenyewe volti zikishuka, ukakipanga kwenye 24. Kwa dereva anayelala na tivii inawaka, na nyote mnafanya hivyo, kikatio ni cha lazima. Gari kufa betri njiani ni jambo moja. Gari kufa betri ndani ya foleni ya bandari, zamu yako imefika na malori sita nyuma yako, hilo utasimuliwa barazani miaka.

9. Nichomeke kwenye tundu la kiberiti?

Kwa majaribio, sawa. Kila siku, hapana. Plagi hulegea kwa mtetemo, ikilegea hutoa cheche, ikitoa cheche hupata moto. Na hakikisha ni volti ngapi kabla hujachomeka: kwenye malori tundu hilo mara nyingi ni 24.

## Kuifunga

10. Ifungwe wapi?

Pahala pa kwanza ni miguuni mwa kitanda, upande wa abiria, kwenye ukuta wa pembeni au kona ya nyuma. Pa pili ni juu, chini ya kabati la paa, kwa mkono unaokunjwa. Popote iwapo, mambo matatu yasivunjwe: isizibe njia ya kutokea mtu akiamka kwa mshtuko, isikae mbele ya mfuko wa hewa kama gari inao, na ikiwa imekunjwa dereva asiione. Kuhusu hili la mwisho, suala la 14.

11. Inatosha kuifunga kwa skrubu za bati?

Haitoshi. Ukuta unaouona ndani ya kebini ni plastiki au ubao laini uliovishwa kitambaa. Nyuma yake kuna nafasi, kisha bati la nje. Skrubu inashika plastiki tu. Tivii ya kilo nne juu ya mkono wa breketi, kila tuta inavuta kama kilo nyingi zaidi. Ya kwanza niliyowahi kufunga ilishuka kwenye matuta ya Bububu na kumwangukia utingo kifuani akiwa usingizini. Hakuumia. Aliamka akidhani gari imegongwa, akafungua mlango akaruka. Namshukuru Mungu tulikuwa tunakwenda taratibu.

Tafuta chuma. Kila kebini ina mbavu za chuma ndani ya ukuta. Gonga kwa kifundo cha kidole, sauti ikibadilika kutoka ngoma tupu kuwa nzito umezifika. Fungua ganda la ndani uhakikishe kwa macho kwamba hakuna waya nyuma yake. Unapotoboa, funga tepu kwenye biti kuonyesha kina cha mwisho, maana ukilitoboa bati la nje umekaribisha mvua ya masika na kutu ya bahari kwa pamoja. Breketi ishikwe kwa bolti zenye nati za plastiki ndani, zisizolegea, na nyuma yake kipande cha bati nene la kugawa uzito.

Upande wa tivii, skrubu nyingi ni za milimita 4. Zisiwe ndefu. Skrubu ndefu hupita ganda na kugusa saketi au kioo kwa nyuma, na hapo tivii imekwisha kabla haijawaka.

12. Gari ni ya tajiri, hataki itobolewe. Nifanye nini?

Mwambie tajiri kwanza, usimfiche. Waya utaonekana siku ya kwanza ya matengenezo. Kisha funga kwa vibano kwenye bomba la fremu ya kitanda, au kwenye reli ya kitanda cha juu kama kipo. Weka mpira kati ya kibano na bomba. Ukihama gari unahama na tivii yako, hakuna shimo hata moja.

13. Mtetemo hautaiua?

Utaifupisha maisha, hilo usidanganywe. Lakini zinazokufa haraka ni zile zinazoning'inia kwenye mkono mrefu uliofunguliwa. Ukisafiri, ikunje mpaka mgongo ulale ukutani na ifunge mkanda. Mipira midogo kati ya breketi na ukuta inasaidia. Kaza nati baada ya wiki ya kwanza, halafu kila ukibadilisha oili.

14. Nataka niione nikiwa naendesha.

Siifungi hivyo. Hata ukiniongezea pesa. Barabara zetu ni nyembamba, ng'ombe wanavuka, watoto wa skuli wanavuka, watalii wanaendesha vespa upande wasiouzoea. Ukitaka sauti ya mpira, redio ipo.

## Picha na sauti

15. Antena au dishi?

Kebini ni boksi la chuma. Antena ya ndani itanasa kidogo sana, kwa hivyo itoe nje, ile ya sumaku ya kuweka juu ya paa. Karibu na mjini Unguja utapata picha bila shida. Pemba ni vilima na mabonde: Chake juu unaona vizuri, ukiteremka bondeni picha inavunjika vipande. Sogeza gari, usisogeze antena.

Dishi ni la gari iliyosimama. La Azam hutazama magharibi, upande linakochwea jua, na hutazama juu kiasi cha nusu ya mbingu, kwa hivyo kontena lililopangwa karibu upande huo linakuziba. Mti pia. Hapa pana mtihani wa Zanzibar: ukiegesha chini ya mwembe umepata kivuli umekosa mpira, ukiegesha juani umepata mpira na joto la tanuri. Mwezi wa Januari, Kombe la Mapinduzi likichezwa, utawaona madereva wakipima kivuli kwa hatua. Na kabla ya kuondoka, shusha dishi. Nimesema kabla ya kuondoka.

16. Fleshi yangu haisomi.

Wengi mna sinema za kutafsiriwa kwenye fleshi. Tivii ndogo nyingi hupenda fleshi iliyopangwa kwa FAT32, na mpango huo haupokei faili moja linalozidi gigabaiti 4. Omba aliyekujazia akugawie sinema vipande au akupe ya ubora mdogo kidogo. Kwa inchi 22 hutoona tofauti.

17. Redio ikianza kuvuma kila nikiwasha tivii?

Ni konveta hiyo, hasa ya bei rahisi. Isogeze mbali na waya wa antena, usizipitishe nyaya hizo mbili ndani ya bomba moja. Isipokwisha, badilisha konveta. Ama sauti ya tivii yenyewe, ni hafifu siku zote. Waya mmoja mpaka kwenye tundu la AUX la redio ya gari unamaliza suala, na headfoni zinamaliza ugomvi na utingo anayetaka kulala.

## Joto na chumvi

18. Gari inashinda juani. Tivii itaharibika?

Tivii nyingi za nyumbani zimeundwa kufanya kazi mpaka nyuzi 40 hivi. Kebini iliyofungwa madirisha wakati wa kaskazi inapita hapo kwa mbali. Kukaa imezimwa kwenye joto hilo inastahamili. Kinachoiua ni kuwashwa hapohapo. Fungua milango yote miwili, acha hewa ipite robo saa, ndipo uwashe. Weka pazia la kioo cha mbele. Usiibandike tivii ukutani kabisa bila nafasi ya hewa nyuma yake.

19. Kwa nini nyaya zangu zinageuka kijani?

Hewa ya bahari. Shaba iliyo wazi, chumvi na unyevu vikikutana, inaota ule ukoko wa kijani, kisha umeme unapita kwa shida na kiungo kinapata moto. Gari inayovuka kwa meli kila wiki hupata hili mara mbili ya gari ya shamba. Kila kiungo kibanwe kwa kichwa cha shaba, si kusokotwa kwa vidole, kisha kivishwe mpira wa kuyeyusha kwa moto. Tepu peke yake kwenye joto letu hutoa gundi na kufunguka. Ncha za betri zipake grisi. Waya uliokwisha kuwa kijani mpaka ndani haukwanguliki: kata mpaka uione shaba nyekundu, au weka mpya.

## Visa vya pembeni

20. Naweza kubaki ndani ya gari nikatazama wakati wa kuvuka bahari?

Hapana. Chini kwenye sitaha ya magari watu hawabaki. Unazima injini, unavuta breki, unapanda juu na wenzako. Kata umeme kwa swichi ya suala la 7 na kunja tivii. Bahari ya kusi inatikisa gari kuliko tuta lolote la barabarani.

21. Nimenunua tivii ya mtumba kutoka Japan, haishiki kituo hata kimoja.

Wala haitashika. Wajapani wana mfumo wao wa dijiti, sisi tunatumia T2. Ni sawa na vile vioo vinavyokuja ndani ya malori ya Japan, vinavyokusalimia Kijapani halafu basi. Kama ina tundu la HDMI itafanya kazi na king'amuzi cha pembeni. Lakini kabla ya yote soma kibandiko cha umeme: kwao ni volti 100. Kikisema 100 mpaka 240, salama. Kikisema 100 peke yake na ukaichomeka kwenye inveta ya 230, utasikia sauti moja tu. Za Ulaya za zamani nazo nyingi zina T, si T2. Dawa ni ileile ya king'amuzi.

22. Kuna la kuzingatia kebini ikipinduliwa?

Sana, na watu wa tivii za vibano ndio wanaosahau. Fundi wa injini akiinua kebini kwenda mbele, kitanda chako kinakuwa mlima na kioo cha mbele kinakuwa sakafu. Kila kisichofungwa kitateremka huko. Toa tivii kabisa uiweke chini kivulini. Na waya unaopanda kutoka kwenye chesisi uachiwe mzunguko wa kutosha pale kwenye bawaba. Waya uliobana hukatika siku hiyo ya kwanza.

23. Tunachomelea chesisi. Niiache ilivyo?

Chomoa tivii, chomoa konveta, toa ncha za betri, ndipo fundi awashe mashine. Umeme wa kuchomelea hutafuta njia ya kurudi, na tivii yako ni njia. Vivyo hivyo ukimwazima mwenzio umeme wa kuwashia gari: swichi ya tivii iwe imezimwa kwanza.

24. Lori langu linabeba mafuta.

Kwa gari ya mafuta mimi sigusi, na usimruhusu fundi wa mtaani aguse. Umeme wa gari hizo una taratibu zake za kuzuia cheche, na kinachoongezwa kipitiwe na wanaozijua na kuzikagua. Tazama simu, kwa mbali na gari.

25. Ni bei gani yote?

Bei siandiki kwa sababu ya wiki hii si ya wiki ijayo. Ninachoweza kukwambia ni mpangilio. Ukiwa na pesa kidogo, punguza inchi za tivii, usipunguze konveta, waya wala fyuzi. Kikatio cha suala la 8 kinafuata. Breketi unaweza kuchongewa na mchomeleaji kwa vipande vya chuma, na mara nyingi inakuwa imara kuliko ya dukani. Njoo na gari asubuhi kabla ya jua kupanda, betri zikiwa zimelala usiku mzima bila kuwashwa, maana kitu cha kwanza nitakachofanya ni kuzipima. Zikiwa mgonjwa nitakurudisha na tivii yako ndani ya boksi lake.